Singa za Mikia Mitano

Baba yangu hakuwahi kukubali kwamba kupima maziwa ni kazi. "Maziwa yanaonjwa," alikuwa akiniambia kila nilipotoka maabara Dodoma mjini kwenda kumsalimia kwake, jirani na mashamba ya zabibu ya Makutupora. Siku kituo cha kukusanya maziwa kilipomrudishia keni lake mara ya pili, kikisema maziwa yana ugonjwa, akanipigia simu mwenyewe.

"Daktari wa maziwa, njoo."

Nilimkuta zizini na ng'ombe wake watano.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na sindano?"

"Nimekuja na bahasha."

Yeye hukumu alishaitoa. Mkosaji alikuwa ng'ombe mweusi, mpiga mateke. "Mwenye tabia mbaya hawezi kuwa na maziwa mazuri," alisema. Nikamweleza kwamba kila ng'ombe ana vinasaba vyake, na vimo kwenye mzizi wa singa za mkia. Kiwele kikiugua, chembe nyingi za mwili hutoka na maziwa. Kwa hiyo hata maziwa ya wote yakichanganywa kwenye keni moja, mashine yetu mpya ingeweza kusema chembe nyingi ni za nani.

Baba aliichungulia bahasha yangu. "Yaani unachukua nywele zao, unaenda nazo mjini, halafu unarudi kumtaja mchawi."

"Siyo hivyo, baba."

"Ndivyo hivyo hivyo."

Mama, aliyekuwa akiosha ndoo, akauliza kwa upole kama nisingeweza kuwapima mmoja mmoja palepale kwa ile dawa ya kwenye sahani, inayogandisha maziwa ya kiwele kigonjwa. Ningeweza. Lakini mashine ilikuwa mpya, nami nilitaka baba aone nilichosomea. Nikachota maziwa ya keni kwenye chupa, kisha nikang'oa singa, mkia kwa mkia, nikazitia kwenye bahasha. Mweusi alinipiga teke la goti, nikakaa chini kwenye samadi.

"Unaona?" baba akasema. "Hata ushahidi hataki kutoa."

Majibu yalipotoka, niliyasoma mara mbili, kisha nikarudia kipimo nikiomba kiwe kimekosea. Hakikukosea. Chembe karibu zote zilikuwa za ng'ombe wa rangi ya maziwa na chai, mpole kuliko wote, niliyemnunua mimi na kumleta kwa baba kwa gari la kukodi, nikamshusha kama bibi harusi. Ukoo mzima niliuambia kwamba yule ndiye ng'ombe wa kisasa.

Nilirudi na ile dawa ya sahani, nikakamua chuchu moja baada ya nyingine. Maziwa ya chuchu ya nyuma yaliganda kama uji. Sikuwa na pa kukimbilia, nikasema.

Baba alicheka mpaka akakalia ndoo ya mama. "Kumbe mchawi umemleta mwenyewe! Tena kwa gari!"

Alipomaliza kufuta machozi, alimwendea yule mweusi, akavua kofia. "Mama, utusamehe. Tulikusingizia." Mweusi akarusha teke, likapita kando ya paja lake. "Amesamehe nusu," akasema.

Daktari wa mifugo akaja kutibu. Siku zote za dawa, na nyingine alizotuagiza tusubiri, maziwa ya mgonjwa yalimwagwa shimoni, na yeye akawa anakamuliwa mwisho. Hapo ndipo mama alipotamka kwamba baba alikuwa akifuta viwele vyote kwa kitambaa kimoja, akachana kanga kuukuu, kila ng'ombe akapata chake. Ile chuchu ya nyuma haikupona, ilikauka. Tatu zilibaki salama, na kituo kikapokea keni.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, baba alinishika mkono akanivuta hadi kwa mchungaji. "Mambo ya kiwele muulize huyu," akasema, "mimi sijui kitu."

Mchungaji alitazama huku na huku, akaniinamia sikioni, akauliza kama mbuzi wake nao wanapimika.