Siku Wakulima Walipokosa Majina

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino, nikakuta tope hadi mlangoni. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Sotik. Nilitoka Silibwet na cheti cha kompyuta na kiburi cha kutosha watu wawili. Meneja wa Kiwanda alinionyesha kompyuta, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni.

"Madam," akasema, "uko na miezi tatu ya majaribio. Ukituletea aibu, unarudi kwenu kuchuna chai."

Nyinyi vijana mna mashine zinazowasahihisha. Sisi tulisahihishwa na machozi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa programu ya orodha ya mbolea, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java, iliyokuwa changa bado. Ndani yake kila mkulima alikuwa "kitu", yaani kifurushi kimoja chenye jina lake, jina la baba na kituo anakopeleka majani. Siku ya kugawa mbolea lori lilifika mapema, nami nikachapisha orodha bila kuisoma.

Karani Mkuu wa Majani, mzee aliyejua kila shamba na mwenyewe, alipanda juu ya magunia, akavaa miwani.

"Mkulima, at, moja-ef-a-nne!"

Akageuza karatasi, akidhani ameishika vibaya. "Mkulima, at, tatu-si-mbili-be!"

"Hiyo alama si ni ile ya duka?" mama mmoja aliyechungulia karatasi na kuona @ akapaza sauti. "Ile ya sukari, kilo moja ni ngapi. Wametuwekea bei!"

Mawingu yalikuwa yameshuka, na kwetu mvua ya alasiri haibembelezwi. Magunia yote yalikuwa uwanjani, na mbolea ikilowa inakuwa mawe. Niliona miezi yangu mitatu ikiishia pale. Ndipo Mzee arap Bii, aliyesimama mbele kabisa, akainua fimbo.

"Moja-ef-a-nne ni mimi!"

"Umejuaje, mzee?" Karani akauliza.

"Na wewe umejuaje si mimi?"

Karani akavua miwani, akaifuta. Punde si punde nusu ya uwanja ilikuwa moja-ef-a-nne, na mmoja alidai amelirithi jina hilo kwa babake.

Nilikimbia ofisini viatu mkononi. Kitu ukikiamuru kijichapishe bila kukifundisha, kinataja aina yake na nambari ya mashine tu, kama mgeni anayeulizwa "Nani?" akajibu "Mtu." Ni lazima ukiandikie mistari inayoitwa toString, ya kukieleza kijitambulishe vipi. Kwa haraka nikaweka jina la kwanza peke yake. Wakatoka Joel kumi na mmoja.

"Madam, mvua!" Meneja akafoka mlangoni.

Karani hakufoka. Aliinama, akaniambia polepole, "Msichana wangu, weka jina la baba na kituo. Hapa hakuna mtu wa jina moja."

Nikaweka. Aliposoma "Joel arap Bii, kituo cha Darajani", mzee aliinua fimbo tena, safari hii bila kelele. "Sasa huyo ndiye mimi," akasema. Gunia la mwisho lilibebwa matone yakianza. Nililia nyuma ya boila kwa furaha, na Meneja akajifanya anakagua moshi.

Nilistaafu mwaka jana. Katika sherehe ya kuniaga, programa wa sasa, binti hodari sana, alikuwa amechapisha cheti changu kwa mtambo mpya. Mshereheshaji akakiinua, akakohoa.

"Tunamwita mbele... Mfanyakazi, at, tisa-di-sita-ef."

Akageuza karatasi. Binti wa watu alikuwa anazama kitini, na huruma ikanishika, maana kiti kile nakijua. Mezani kulikuwa na saa nzuri ya ukutani, zawadi yangu, na mbele yangu wazee watatu walikuwa wameanza kutazamana na kuitupia saa jicho. Nikainua mwavuli.

"Ni mimi!"

"Umejuaje, mama?" mshereheshaji akauliza.

"Na wewe umejuaje si mimi?" nikamjibu, nikaenda kuchukua saa yangu.