Bangili Niliyoidondoshea Maji ya Betri

Miaka yote niliyofanya kazi katika maabara ya kampuni, macho yangu ndiyo yaliyonilisha. Mawe yaliletwa kwenye sinia, tukayalowesha, tukayapeleka mlangoni penye jua na kusema: hili lina shaba, hili ni udongo mtupu. Malakiti, jiwe lenye shaba, ikiwa nzuri ina kijani kizito, na ukiidondoshea asidi inachemka na kutoa povu. Iliyopauka haina maana. Masomo yangu yaliishia sekondari, lakini kwa habari ya kijani hakuna mtu wa hapa Kapata Kolwezi aliyethubutu kunibishia. Nilizeeka na kiburi hicho, na aliyekilipia ni binti yangu.

Binti yangu alikuwa mjane. Alirudi kwangu mume wake alipofariki, akawa anakaanga mikate na kuiuza mbele ya nyumba. Mama yake naye alikuwa ameshatangulia, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Kisha akaanza kuja fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mtu wa Musumba, mdogo kuliko binti yangu kwa umri. Kila alipokuja, mikate iliungua, na binti yangu alicheka badala ya kukasirika. Mimi sikumpenda yule fundi. Alikuwa na adabu nyingi mno. Mtu anayekusalimu kwa mikono miwili kila siku, nilijiambia, mkono wa tatu ameuficha wapi?

Siku ya kujitambulisha alikuja na mjomba wake. Walipoketi, akafungua kitambaa na kutoa bangili ya jiwe.

"Ni jade, Tata," alisema. "Mama moya wa Chine njo alinipatia, wakati alikuwa anarudia kwabo. Nilimutengenezeaka portail. Alisema ni jadeite, ile ya muzuri."

Niliichukua. Ilikuwa nyeupe kama maji yaliyooshea mchele, na upande mmoja tu kulikuwa na kijani kilichotanda polepole, kama tone la mchuzi wa sombe, majani ya mihogo, lililoanguka ndani ya maji hayo.

"Kwani rangi iliwaishia?" niliuliza.

Mjomba alicheka, akidhani ninatania. Sikuwa ninatania. Nani anatoa jiwe la thamani kwa sababu ya lango? Ama liliibwa, ama lilipakwa rangi. Nikaramba kidole, nikalowesha bangili, nikaipeleka mlangoni. Kijani hakikuzidi hata kidogo. Nikachukua kisu cha jikoni, nikaikwaruza. Ulitokea mstari wa kijivu.

"Mumeona? Inakwaruzika."

Binti yangu aliinyakua, akapitisha kidole juu ya mstari. Mstari ukafutika, na jiwe likabaki laini kama mwanzo. Niliona hayo kwa macho yangu. Nikaenda kutafuta chupa ndogo ya maji ya betri niliyoihifadhi uvunguni, na kwa ncha ya ukuti wa ufagio nikadondosha tone moja juu ya kile kijani. Malakiti ingechemka. Ile bangili ilikaa kimya.

"Ni chupa," nilisema. "Chupa ya bia, wameisugua muzuri."

"Papa!" binti yangu alisema.

"Tata, mi sijue mawe," fundi akajibu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mi najua fer, vyuma tu. Nilileta vile nilipewa."

"Mutu anakuja kuomba bibi na chupa. Akishaoa ataleta nini? Mabati ya karatasi?"

Mjomba akasimama. Kuku alikuwa bado jikoni. Kwetu, kurudisha zawadi ya kujitambulisha ni kumrudisha mtu mwenyewe, na mimi ndiye niliyemwambia binti yangu amrudishie. Aliwasindikiza mpaka barabarani akamkabidhi kile kitambaa. Aliporudi alimpeleka yule kuku mzima kwa majirani.

Baada ya hapo alinipikia, akanifulia, akanijibu nilipomuuliza, basi. Mikate haikuungua tena. Nilidhani atapoa. Hakupoa, nami nikaamua kumnunulia bangili ya kweli, ili aone mwenyewe tofauti na anishukuru.

Nilipanda pikipiki hadi Dilala, kwenye duka dogo la mama mmoja Mchina anayeuza saa, vikombe na vito. Anasema Kiswahili cha sokoni bila woga. Chini ya taa, juu ya kitambaa cha kijani, niliona bangili iliyonivutia mara moja: kijani kizito, kimeenea pande zote.

"Hii njo jade," nilisema.

"Hii rangi bamepaka, Tata," alijibu. "Muzuri ya kuvaa. Lakini bamepaka."

Nikamtilia shaka papo hapo. Tangu lini muuzaji akatukana mali yake? Bila shaka alitaka kunisukumia iliyo ghali zaidi.

"Unataka niache hii ninunue ingine."

"Mi nataka usirudi kesho na kelele," alisema, akacheka.

Akaitoa ile bangili kwenye kitambaa, akanivuta mlangoni, akatandaza karatasi nyeupe. Taa ya manjano hudanganya, alisema, na kitambaa cha kijani hukopesha jiwe rangi yake. Juu ya karatasi, kwenye mwanga wa mchana, ile bangili ilionekana nzito na kama imekufa. Akanipa kioo cha kukuzia. Kijani kilikuwa kimejikusanya ndani ya nyufa, nyuzi nyuzi, kama wino ulioingia kwenye kitambaa kilichochakaa. Kati ya nyufa, jiwe lenyewe lilikuwa jeupe.

Kisha akafungua mtoto wa meza na kutoa kidani kidogo sana. Kilikuwa cheupe, na ndani yake kijani kilianza bila mpaka, kikakolea, kikafifia tena. Mwanga ulikipenya.

"Rangi ya jiwe haina ukingo," alisema. "Inatembea. Ikiwa inang'aa na jua linaingia, muzuri. Ikiwa na kijivu ndani, bei inashuka. Kijani kidogo cha kweli kinashinda kingi cha kupakwa."

Nikamrudishia kioo chake. Nilimweleza bangili ya yule fundi. Nilimweleza kisu, na maji ya betri.

"Ilichemka?"

"Hapana."

"Basi haiko malakiti." Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyepima maziwa kwa rula. "Jade haichemki. Ule mustari ni chuma ya kisu yako, ilibaki juu. Jiwe ilikuwa ngumu kushinda kisu."

"Kwa hiyo ilikuwa ya kweli?"

"Mi sijaiona. Kuna chupa, kuna mawe ingine. Ilete."

Nilisema labda binti yangu ana picha kwenye simu. Akatikisa kichwa: simu hupaka rangi zaidi ya wanaopaka.

Kwa desturi yetu baba wa msichana hamfuati mwanamume nyumbani kwake. Ni aibu. Nilimfuata. Nilimkuta yule fundi karakanani, akavua miwani yake myeusi, akanisalimu kwa mikono miwili kama zamani.

"Nilikosa," nilimwambia. "Ile bangili, tuipeleke ikaangaliwe."

"Niliiuzisha, Tata. Kwa mama moya pa soko, pamoja na bilauri." Alifuta miwani yake. "Muzee wa labo alisema ni chupa. Nikaiuza bei ya chupa. Na ule mama wa Chine, nilimutukana ku telefone. Hapokee tena."

 Nilimuuliza kama bado anamtaka binti yangu.

"Mi sikuacha. Ni yeye alinirudishia kitu mu mukono. Umuulize yeye."

Jioni nilimweleza binti yangu yote, pamoja na ule mstari niliouona ukifutika. Alisikiliza huku akikanda unga, bila kuinua macho.

"Nawe uliniona naufuta," alisema.

"Nilikuona."

Alinawa mikono, akachukua simu, akatoka nje. Alizungumza kwa sauti ya chini, karibu na dirisha langu. Nilitamani sana kusikia. Nikawasha redio, nikaongeza sauti.

Walioana kiangazi. Wanakaa upande wa pili wa Kolwezi, na huja kunitembelea Jumapili baada ya ibada. Arusini mikono ya binti yangu ilikuwa mitupu.

Mimi nimebaki na tabia mbaya. Sokoni, kanisani, popote mwanamke anapopita na kitu cha kijani mkononi, ninainama kukitazama: kinatembea, au kimekusanyika? Wiki iliyopita, kwenye foleni ya maji, mama mmoja alinikuta nimeukodolea macho mkono wake. Aliuvuta ndani ya kitenge, akahamishia mkoba wake upande wa pili, akanitazama mpaka nikaondoka.