Gia ya Mkono wa Kulia

Mkanda wa mashine ya kukoboa mahindi ulinichukulia vidole viwili vya mkono wa kulia, cha pete na cha mwisho, na kidole gumba ukaniachia kikiwa kigumu, hakikunjiki. Sitaki kulisimulia hilo zaidi. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa naongea badala ya kutazama. Kuongea ndiyo tabia yangu. Kazi yangu ni kuzunguka nikichanja kuku dhidi ya kideri, tone moja kwenye jicho, nyumba kwa nyumba kutoka Nyantakara mpaka vilima vya Nyarubungo, na watu huniita daktari kwa kunitania. Kuku wenyewe ni kazi ya dakika chache. Baada ya hapo ni mkeka, uji na habari za wenyeji. Mke wangu alitangulia mbele ya haki na watoto wako mbali, kwa hiyo huko kwenye mikeka ya watu ndiko nilikokuwa naishi. Nyumbani nilikuwa nalala tu.

Jeraha lilipofunga niligundua kwamba baiskeli yangu ya gia hainitaki tena. Gia zake zilikuwa za kubonyeza, vijiti vidogo chini ya usukani, na kazi yote hufanywa na kidole gumba. Nilibonyeza mpaka machozi yakanilenga. Gia haikusogea. Na bila gia kilima cha kwenda Nyarubungo unakipanda kwa miguu, huku chanjo ikikusubiri kwenye chupa ya chai yenye barafu. Jua likikutangulia, imeharibika.

Nilijaribu bodaboda mara mbili. Anakufikisha, sikatai, lakini anakusubiri uani injini ikinguruma, na hakuna mwenyeji wa kukukaribisha uji wakati mwenzako anatazama saa. Nilichanja, nikaaga, nikarudi. Ilikuwa safari ya kupeleka dawa tu.

Jambo jingine lilikuwa dogo, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Watu waliacha kunipa mkono. Huku kwetu mtu mwenye mkono mchafu, aliyetoka kulima au kumenya muhogo, hakupi kiganja. Anakunyoshea kifundo cha mkono, nawe unakishika, salamu imekwisha na hakuna aliyechafuliwa. Sasa kila niliyekutana naye, hata aliyevaa nguo za kanisani, alinishika kifundo. Mkono wangu niliuosha kwa sabuni asubuhi na jioni, kama nilivyoagizwa hospitali, na bado nilisalimiwa kama mtu aliyetoka kuzoa samadi. Nilikasirika, na nikikasirika mimi husema sana, lakini hilo nililimeza. Nikaanza kushinda nyumbani. Jumapili watoto walipiga simu wakauliza mkono unaendeleaje, kisha wakakumbuka kuniuliza na mimi.

Kuhusu gia, kwanza nilijifanya mjuaji. Nilinunua mnadani gia za kuzungusha, zile zinazokaa kwenye mshikio wenyewe na kuzungushwa kama pikipiki inavyoongezwa mafuta. Nilijiambia kwamba hapo kidole gumba hakina kazi. Sikufikiria kwamba kuzungusha kunataka kiganja kikamate sawasawa, na nguvu ya kukamata ilikuwa kwenye vile vidole viwili nisivyonavyo. Nikipanda, kiganja kililoa jasho kikateleza. Nikishuka, niliushika mshikio kwa hofu, ukazunguka wenyewe, cheni ikaruka, nikajikuta chini katikati ya mihogo ya watu. Sikuumia. Nililala pale muda mrefu na hakuna aliyepita. Nikalia, mtu mzima mimi, siyo kwa sababu ya kuanguka.

Wiki iliyofuata niliomba lifti kwenye Fuso la mahindi mpaka Nyakanazi, baiskeli ikiwa juu ya magunia. Nyuma ya maegesho ya malori kuna fundi baiskeli, mzee aliyehamia kutoka Shinyanga zamani, anafanyia kazi chini ya bati tatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi, kwa hiyo akaninyoshea kifundo, ndivyo ipasavyo. Na mimi, kwa mazoea ya miezi ile, nikamnyoshea changu. Vifundo viwili vikagongana, na hakuna aliyekuwa na kiganja cha kumshika mwenzake.

Akaniuliza kama nimetoka shamba. Nikasema hapana. Akauliza kama mkono ni mchafu. Nikasema ni msafi.

"Basi mchafu ni wangu," akasema. Akajifuta kwa tambara, taratibu, kidole kwa kidole. "Lete huo."

Akaushika. Hakuutazama kwanza, aliushika tu, kisha akaniambia nimbane. Nikambana. Akaniambia nisukume kiganja chake kwa kidole gumba, halafu kwa kidole cha shahada, halafu kwa sehemu ya chini ya kiganja, pale karibu na kifundo. Niliposukuma kwa hapo, nusura aanguke kutoka kwenye kigoda alichokalia. Akacheka. Mimi nilikuwa nimekuja kumwomba ahamishie kila kitu kushoto, na nikamwambia hivyo. Akakataa. Alisema mkono wa kushoto ndio pekee unaonishikilia kwenye mteremko, na tayari una breki. Nikiupa na gia, siku nitakayouachilia kubadilisha nitazikwa na baiskeli.

Akapekua kopo la vyuma vya zamani, akatoa gia ya kijiti kimoja, ya aina inayokaa juu ya usukani. Haina hatua za kuhesabu. Unasukuma na kusikiliza cheni mpaka inyamaze. Kupata gia nyepesi ya mlima unasukuma mbele, kwa kiganja. Kurudisha unavuta kwa kidole cha shahada, na hapo haihitaji nguvu. Gia za mbele aliziondoa kabisa, akaacha duara moja la meno ili nisiwe na mambo mengi. Kila alipokaza skrubu aliushika tena mkono wangu, akauweka juu ya kijiti, akapima, akasogeza kijiti kidogo. Nasema wazi: nilitamani asimalize.

Siku ya kwanza ya kuchanja kwa gia ile nilipanda kilima cha Nyarubungo nikisukuma kwa kiganja, cheni ikilalamika na kunyamaza, na sikushuka hata mara moja. Nyumba ya kwanza juu ni ya mama mmoja mwenye kuku wengi na maneno mengi kama yangu. Alikuwa anaanua nguo. Nikamwamkia na kunyosha mkono, naye akashika kifundo.

Safari hii sikulimeza. Nilivuta mkono nyuma kidogo kidogo mpaka kiganja changu kikaingia kwenye chake. Akakakamaa.

"Kumbe hauumi?"

"Hauumi tangu masika, mama."

"Sasa daktari, si wewe uliyetupa kifundo?" Alikuwa ananigombeza. "Siku umetoka hospitali ulipita hapa, nikakuletea mkono, ukaninyima. Nikawaambia wote huku, daktari anaumia, msimguse."

Nilikumbuka. Mkono ulikuwa bado na bendeji, na bendeji ilikuwa na doa, nami niliona aibu, nikatoa kifundo kabla hajaniuliza. Miezi yote ile niliwanunia watu waliokuwa wakiogopa kuniumiza.

Akaniuliza kama nitakunywa uji. Nikasema nitakunywa, ila kuku kwanza, barafu inayeyuka. Lakini alikuwa bado ameushika mkono, na mimi sikuuvuta.