Namba Alizokisia Kinyozi

Watu walimwita Mstari, kwa sababu hakuna aliyeweza kuchonga ukingo wa nywele ukanyooka kama yeye. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja, na benchi lisilokosa watu wanaosubiri zamu. Kisukari alikuwa anaishi nacho mwaka wa tisa.

Kliniki ilipoanzisha mpango wa simu, aliupokea kwa mikono miwili. Asubuhi na jioni alijitoboa kidole, akasoma namba kwenye kipimo na kuiandika kwenye simu. Muuguzi kule kliniki aliiona papo hapo, akamwambia apandishe insulini au apunguze. Habari ya kupanga foleni nusu siku ili aulizwe maswali mawili ikaisha.

Miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Kisha ukungu ukamwingia jicho la kulia, halafu la kushoto. Kwenye kipimo, sita na nane zikawa kitu kimoja. Angeweza kumwomba mkewe amsomee, lakini kuomba ni kukiri, na kinyozi asiyeona nani atampa kichwa chake? Akawa anakisia. Alikisia juu, akidhani kuzidisha ndiyo tahadhari.

"Sukari inapanda, baba," muuguzi alimpigia simu. "Ongeza yuniti mbili."

Akaongeza. Kalamu ya insulini hulia tik kwa kila yuniti, hiyo haikuhitaji macho. Wiki iliyofuata akaambiwa aongeze tena. Alianza kuamka shuka limelowa jasho, mikono ikitetemeka. Mkewe alipouliza, alisingizia joto. Kibandani alimkwaruza mteja sikio mpaka damu ikatoka, akasingizia mashine.

Muuguzi akapiga tena. "Una shida yoyote, baba? Namba zako hazieleweki."

"Sina shida, mwanangu. Uzee tu."

Alikata simu akabaki ameishika. Alijua angesema neno moja tu yote yangekwisha: hofu, na kazi pia.

Jumamosi moja, mwalimu wa shule ya jirani akiwa kitini na nusu ya kichwa imenyolewa, mashine ilimponyoka Mstari. Ikaanguka, ikaendelea kunguruma sakafuni. Yeye akaifuata chini, amezimia. Mwalimu alitoka mbio na shuka la kinyozi shingoni kwenda kumwita mke wa Mstari. Waliokuwa kwenye benchi walisema ni kifafa, lakini mke hakuwasikiliza. Alimlaza ubavu, akampaka sukari ndani ya mashavu huku akimwita jina ambalo hata wateja hawakulijua.

Hospitalini, muuguzi alifungua kumbukumbu ya kipimo, akailinganisha na simu.

"Jumatatu kipimo kinasema nne na nusu. Wewe umeniandikia nane na nusu. Mimi nakuongezea dawa. Ningekuua, baba."

Mstari aligeukia ukutani. "Sioni," alisema.

"Tangu lini?" mkewe akauliza.

"Tangu kabla ya mvua."

"Kabla ya mvua. Na mimi nalala wapi, mume wangu? Si hapo hapo ubavuni kwako?"

Mstari alilia mdomo ukiwa umefumba, kama mtu anayezuia kikohozi.

Daktari wa macho alisema jicho la kulia limekwenda. La kushoto wangejaribu kulilinda kwa mionzi ya leza, libaki na hicho kidogo lilichonacho. Muuguzi alimtafutia kipimo kinachotamka namba na kuzituma chenyewe. Tangu siku hiyo, mgonjwa yeyote anayeingia kwenye mpango humsomea muuguzi huyo namba kwanza, ana kwa ana, kabla hajapewa chochote.

Sukari ya Mstari ikatulia. Kibanda hakikufunguliwa. Wapita njia walimsalimu mlangoni kwake, "Unafungua lini, fundi?" naye akajibu, "Wiki ijayo." Baada ya miezi wakaacha kuuliza.

Asubuhi moja kipimo kilitamka, "Tano nukta mbili."

"Nzuri hiyo?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Nzuri."

Akabaki ukingoni mwa kitanda, amevaa kiatu kimoja, kingine mkononi, akijaribu kukumbuka alikuwa anakivaa ili aende wapi.