Viatu vya Ijumaa, Small Heath

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Birmingham, nikiandika tasnifu juu ya uhuru wa kuabudu katika Amerika. Amerika yenyewe sikuwahi kuiona. Niliichagua kwa sababu vitabu vyake vilikuwa rafu ya chini kabisa maktabani, ubavuni mwa bomba la maji ya moto, na chumba nilichopanga Bordesley Green kilikuwa baridi hata ndani ya kabati. Hivyo ndivyo nilivyopata kuwa mtaalamu.

Msikiti wetu ulikuwa nyumba. Nyumba ya kawaida ya Small Heath, nyuma ya Coventry Road, katika safu ya nyumba zilizobanana bega kwa bega, mlango unafunguka juu ya njia ya watu. Tuliinunua kwa kuchangishana, sisi wachache wa Unguja na Mombasa, pamoja na Wapakistani na Wayemeni waliotuzidi kwa wingi na kwa sauti. Imamu alikuwa Muunguja mwenzangu, tukimwita Maalim. Usiku alipaka rangi magari kiwandani Longbridge, na mchana, kabla ya kutawadha, alisugua kucha kwa mafuta ya taa ili maji yapenye. Safu ya mbele tulisali katika harufu ya mafuta ya taa, na mpaka leo nikipita penye stovu ninakuwa mcha Mungu kwa dakika mbili.

Tatizo letu lilikuwa kibali. Baraza la mji lilisema nyumba ya kulala haigeuzwi nyumba ya ibada hivi hivi tu. Majirani wasikilizwe kwanza, Jumanne, katika ukumbi wa shule. Tukikosa kibali, tungerudi kusali kwa zamu jikoni kwa Maalim, ambako mtu wa mwisho alisujudu kichwa kikiwa chini ya meza.

Aliyetupinga zaidi alikaa upande wa pili wa njia, mzee mstaafu wa reli. Alipita mlango kwa mlango akikusanya saini za kutukataa. Alinisimamisha siku moja akaniuliza kama sisi ni wa kundi lile la Amerika aliloliona kwenye televisheni, linalowachukia wazungu. Nilifurahi kupita kiasi. Hakuna aliyewahi kuniuliza lolote kuhusu tasnifu yangu. Nilimweleza tofauti, nikianzia karne ya kumi na nane, na kabla sijaingia ya kumi na tisa alikuwa amekwisha kufunga mlango.

Kwa elimu hiyo nilichaguliwa kuwa msemaji wetu. Maalim alisikiliza hotuba niliyoiandaa, yenye katiba ya Amerika kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, na wakikujibu kwamba hapa ni Small Heath?"

Nilijibu kwamba haki haina mipaka. Akasema bora niongeze na la kuhusu viatu.

Maana lalamiko la majirani lenye ukweli ndani yake lilikuwa viatu. Kwa Maalim kiatu hakivuki kizingiti, na barazani kwao Unguja huwezi kupita kwa wingi wa viatu vilivyovuliwa siku ya Ijumaa. Hapa baraza hatukuwa nayo. Viatu vilitapakaa njiani, na akina mama wenye vigari vya watoto wakalazimika kushuka barabarani. Ijumaa ile ya kabla ya mkutano nilikuja na dawa ya kisomi. Niliomba makasha ya karatasi dukani kwa Mpakistani wa pembeni, nikayapanga kwa mstari chini ya dirisha, na kila aliyefika nikamwambia afunge viatu vyake kamba kwa kamba, jozi jozi, avilaze ndani vikitazama juu. Vya kwangu nikaviweka juu kabisa ya kasha la kwanza, viwe mfano. Vilikuwa vya ngozi ya hudhurungi, vipya, nilivyonunua kwa ajili ya mkutano wa Jumanne. Vilinibana vidole vibaya sana, lakini muuzaji alisema vitalegea. Kamba moja ilikatika siku ya kwanza, nikaweka nyeusi.

Wakati Maalim akitoa hotuba ya Ijumaa tulisikia magurudumu yakilia njiani, kwii kwii. Tulipotoa salamu na kufungua mlango, hapakuwa na kasha hata moja.

Wengi walikuwa na zamu ya mchana. Nyuma ya nyumba, mahali pa kutawadhia, tulikuwa na mitalawanda, jozi moja tu, ile ya mbao ya chooni. Mmombasa mmoja aliiwahi, akaenda nayo kazini, na tulimsikia ko ko ko mpaka kituo cha basi. Wengine walimfuata kwa soksi. Mimi nilibaki mlangoni nikihutubia. Nilieleza kwamba hii ndiyo hatua ya kwanza ya dhuluma, wanaanza na viatu. Na nikaelekeza kidole nyumba ya mzee wa reli. Walionisikiliza, nao kwa soksi, walikubali kwamba ni yeye, hana budi kuwa ni yeye. Mmoja alitaka polisi. Maalim alisema polisi watataka maelezo, na maelezo nitatoa mimi, kwa hiyo tungoje kidogo.

Hatukungoja sana. Alasiri bibi wa nyumba ya pili alibisha hodi. Alikuwa mjane, tumetenganishwa naye na ukuta mmoja mwembamba, na saini yake ilikuwa miongoni mwa saini za mzee wa reli. Mkononi alikuwa na keki. Aliniita "bab", jina ambalo watu wa Birmingham humpa yeyote wanayemhurumia, akasema amekuja kutushukuru.

Ilikuwa hivi. Mara moja kila mwaka, akina mama wa kanisa la mtaa hupita siku ya Ijumaa na kigari cha mtoto kukusanya vitu vya mitumba vya kuuzwa kesho yake katika ukumbi wa kanisa, na watu wa mtaa huviacha mlangoni ndani ya makasha. Kila mtu anajua. Sisi hatukujua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akizungumza nasi. Mwaka huu, alisema, walipofika mlangoni kwetu walisimama wakatazamana. Viatu vingi vile, vizuri vile, vimefungwa jozi jozi kwa uangalifu! Hata wao wenyewe wa kanisani hufunga ovyo. Aliposikia hayo, bibi alikwenda moja kwa moja kwa mzee wa reli akafuta saini yake mwenyewe.

"Nilimwambia, watu wanaotoa namna ile si watu wa kukataliwa," alisema. "Na Jumanne nitakuja kusema hivyo hivyo."

Maalim alipokea keki. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nikificha soksi zangu.

Alipoondoka palikuwa na mjadala ambao sijauona mfano wake chuoni. Tukimwambia ukweli, tunapata viatu na kukosa msikiti. Tukinyamaza, tunapokea sifa ya sadaka ambayo hatukuitoa, tukiwa ndani ya msikiti huo huo tunaoupigania. Myemeni mmoja alisema sadaka bila nia ni mali iliyopotea tu. Mwingine akasema basi tutie nia sasa. Je, nia hutiwa baada ya kitu kuondoka? Wote walimgeukia Maalim. Maalim alikata kipande cha keki, akala, akafikiri.

"Kitabu nilichosoma hakina mlango wa mitumba," alisema. "Lakini viatu bado ni vyetu mpaka viuzwe kesho. Kila mtu aulize moyo wake. Akiwepo mmoja asiyeridhika, nitakwenda mwenyewe kwa yule bibi nimwambie." Kisha akaongeza, "Na anayeridhika ajue, sadaka haisimangwi. Ukishatoa, umetoa."

Walitia nia mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilivifikiria viatu vyangu, na kwa aibu nakiri kwamba kilichonisaidia kuridhika ni vidole vyangu.

Siku iliyofuata tulikwenda kwenye ukumbi wa kanisa kununua viatu vyetu kama wateja wengine. Waliokwenda kazini kwa soksi walipashwa habari, wakaridhika nao, wakaja. Mmombasa alifika na mitalawanda. Yule bibi, aliyekuwa nyuma ya meza ya viatu, alimtazama miguu, akatutazama sisi, na bei alizotutajia zilikuwa za kumpa mtoto peremende. Vya kwangu vilikuwa vimekwisha chukuliwa asubuhi. Saizi yangu zilibaki raba nyeupe za mchezo wa tenisi, kuukuu, na ndizo nilizovaa Jumanne pamoja na suti.

Ukumbi wa shule ulijaa. Mzee wa reli alisema kwanza. Hakutukana, ingekuwa rahisi kwetu kama angetukana. Alisema anayajua ya Amerika, na hataki kuyaona mlangoni kwake. Alisema hana neno na dini ya mtu, ila mtaa ni kupokea na kutoa, na watu hawa wanachukua nyumba, wanachukua njia ya watu, na hawajautolea mtaa huu kitu chochote. Niliinamisha kichwa nipange jibu, nikaona miguu yake.

Ngozi ya hudhurungi. Kamba moja nyeusi.

Sijapata kuwa na jibu zuri kama lile maishani, wala sitapata. Lilikuwa fupi, halikuhitaji katiba. Nilikuwa nimekwisha nyanyuka nusu pale Maalim alipofuata macho yangu mpaka chini, akaona, akanishika goti.

"Usisimange," alininong'oneza.

Nikasimama nikiwa na mdomo wazi. Hotuba ya Amerika ilikuwa imeniruka yote. Nilisema tunawashukuru kwa kutusikiliza, tunaomba turuhusiwe kusali, na viatu havitakaa njiani tena. Nikakaa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote nilizowahi kutoa, na rafiki zangu husema ndiyo bora.

Kisha yule bibi akasimama. Hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama jirani yake wa miaka mingi, kwa upole kama wa muuguzi mwenye sindano.

"Umesema hawajatoa kitu," alisema. "Umesimama juu yake. Nilikuuzia mimi mwenyewe, Jumamosi."

Mzee wa reli alitazama chini. Ukumbi mzima ulitazama chini pamoja naye, halafu mtu wa nyuma akaanza kucheka. Kibali tulipewa, cha mwaka mmoja wa majaribio, kwa sharti kwamba viatu vikae ndani. Maalim alilipokea sharti hilo kwa uchungu kuliko tusi lolote, akaagiza rafu ijengwe nyuma ya mlango, hatua moja tu kupita kizingiti.

Mlangoni kwa kutokea bibi alinishika mkono, akazitazama raba zangu. "Mwaka ujao, bab," alisema, "tuwekeeni koti kuukuu linatosha." Nikaelewa kwamba alikuwa anajua tangu Jumamosi, labda tangu aliposikia ko ko ko ikiingia ukumbini, na kwamba ahadi yake alikuwa ameitimiza akijua. Kama kiatu kile alimuuzia mzee wa reli kwa bahati au kwa makusudi, sikuthubutu kuuliza.

Yeye mzee hakupata kutupenda. Alihama baada ya miaka michache bila kuaga. Lakini viatu alivivaa, kwa ukaidi au kwa kubana matumizi, na mara kwa mara nilimwona Coventry Road akienda dukani, akichechemea. Havikulegea. Kila nilipomwona niliingiwa na raha ndogo, tamu, chini ya mbavu. Nilitaka kumuuliza Maalim kama raha ile nayo inahesabiwa masimango, na kama inabatilisha sadaka. Sikumuuliza. Kuna fatwa ambazo mtu ni bora asizitafute.