Sindano Iliyoanzia Sita

Mimi ni mwoga. Huko Kashuga, risasi ya kwanza ikisikika, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kufunga mzigo, na majirani walikuwa wakinitazama ili wajue kama na wao wafunge. Lakini siku moja nilipanda juu ya mizani ya watu wa ndege nikakataa kushuka, na mpaka leo sijutii.

Jina langu ni Athanasie, ila wengi wananiita Mama Nishimwe. Shule niliishia mwaka wa tano wa msingi. Miaka kumi na tisa niliuza maharagwe kwenye soko la Mweso. Marehemu mama yangu, aliyeuza kabla yangu, alinifundisha jambo moja: mnunuzi wa mjini akija na mizani yake, usiangalie gunia lako. Angalia sindano yake inaanzia wapi kabla gunia halijawekwa.

Vita vilipotuondoa Kashuga, kisha kijiji cha Kingi, nilikimbilia Walikale kwa dada yangu Jeannette, nikalima mihogo pembeni ya msitu kwenye shamba tulilopewa na wenyeji. Nishimwe, mtoto wangu wa kwanza, yeye alikuwa Goma, anashona nguo. Jumamosi moja akapiga simu. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari angempasua Jumatatu asubuhi.

"Mama, banauliza garde-malade wangu ni nani," akasema. "Nikikosa, banapitisha mwingine. Mimi narudi nyuma ya liste."

Garde-malade ni mtu wa kumpikia mgonjwa, kumwosha, kumkimbilia dawa. Asiye naye hapandishwi kwenye meza ya kupasuliwa; jina lake linarudi mwisho wa orodha. Barabara ya Sake, ya kwenda Goma, ilikuwa imefungwa na mapigano. Kulikuwa na ndege ya Jumapili, na baada ya hiyo, Alhamisi. Kina mama wa kanisa wakachanga pesa za tiketi usiku ule ule.

Jirani yetu mmoja, aliyewahi kupanda ndege kubwa kwenda Kinshasa, akanipa akili. "Mama Nishimwe, kule banapima sac, habapimake muntu. Vaa kila kitu." Nikavaa, ili mkoba ubaki mwepesi. Vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, sweta mbili, na koti la mume wa dada yangu. Katika mkoba nikaweka sufuria, sabuni, mashuka, kisu, kidumu cha mawese, na unga wa mihogo. Jua la Walikale unalijua. Nilifika uwanjani nimelowa kama niliyevuka mto.

Usifikiri uwanja wenye vioo. Ndege inatua juu ya barabara, ile ile ya pikipiki. Ikikaribia, askari wanafunga kamba pande mbili na kufukuza mbuzi. Ofisi ni turubai na meza, na chini kuna mizani ya kupimia magunia, yenye uso wa duara na sindano nyekundu.

Mtu wa kukagua mizigo akanitazama juu mpaka chini.

"Mama, uko munene hapa katikati, lakini mikono iko ya mutu mwembamba. Umeficha nini?"

"Nguo."

"Tosha." Kwetu ni kusema vua.

Nikavua koti. Nikavua sweta. Nikaanza kufungua vitenge, mstari mzima ukitazama. Nyuma yangu alikuwa Papa Isidore, mfanyabiashara mwenye gunia la mchele, mtu wa mdomo.

"Huyu mama iko kama kitunguu," akasema. "Tunatosha, tunatosha, hatufike kwa mama mwenyewe."

"Papa, kitunguu kinalizake ule mwenye kukimenya," nikamjibu. "Chunga macho yako."

Watu wakacheka, naye akacheka. Mkaguzi hakucheka. Alipekua mkoba akatoa kisu.

"Hii inabakia."

"Ndizi ya mugonjwa nitaimenya na nini?"

"Na meno, Mama."

Nikamwachia. Vita vyangu havikuwa vya kisu. Lakini wakati nakunja nguo zangu upya, Papa Isidore na wengine wote walinipita, nikawa wa mwisho. Ndipo nilipoona kwamba kijana wa kampuni ya ndege, jina lake Samy, hapimi mikoba peke yake. Kila mtu alipanda juu ya mizani na mzigo wake mikononi. Ndege ilikuwa ndogo, ya viti kumi na viwili, na lazima wajue uzito wote. Kuvaa kwangu hakukunisaidia hata kidogo.

Kwa sababu ya hofu, macho yangu hayatulii. Wengine walitazama mbinguni kama ndege inakuja. Mimi nilitazama sindano. Mtu akipanda, inakimbia. Mtu akishuka, inarudi, inatetemeka, inasimama. Na kila mara ilisimama kwenye sita. Haikufika sifuri hata mara moja.

Ndege ikatua, rubani, ambaye wote wanamwita Kamanda, akashuka kukagua magurudumu. Zamu yangu ikafika. Nikapanda na mkoba.

"Themanini na mbili," Samy akasema. Akaangalia karatasi yake, akatikisa kichwa. "Mama, pole. Imebaki kilo ine tu. Utaenda Alhamisi."

"Alhamisi mutoto wangu atakuwa amekatwa jina kwa liste. Kesho asubuhi njo banamupasua."

"Niko nasikia, Mama. Lakini ndege haisikiake. Shuka."

Nikafikiri: Athanasie, umekimbia Kashuga, umekimbia Kingi, umelala porini na watoto mgongoni. Leo unakimbilia wapi tena?

"Sishuke," nikasema.

"Unasema?"

"Mizani yako inaongopa. Inaanzia sita."

Samy akacheka, lakini si kwa ubaya. "Mama, hii ni mizani ya kampuni. Haiko ya maharagi."

"Kilo ni kilo, mutoto wangu. Mu maharagi ao mu watu."

"Shuka nione basi."

"Nikishuka unanitia kando, ndege inaenda. Ita kamanda aangalie. Akifika hapa, nitashuka."

Mkaguzi akaja kunishika mkono. Nikakumbatia mkoba, nikakaa chini, pale pale juu ya mizani. Abiria wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema mvua itatukuta, mwingine akasema wakimbizi wamezoea kulazimisha. Huyo wa pili nilimtazama mpaka akageuza uso. Nilikuwa na uzito wangu tu, na ulikuwa umekaa.

Rubani akaja, mwanaume mfupi mwenye mvi. "Kuna nini?"

"Kamanda," nikasema, "angalia sindano, mimi naamuka."

Nikasimama, nikashuka. Sindano ikarudi, ikatetemeka, ikasimama kwenye sita. Rubani aliinama. Papa Isidore, ambaye dakika moja kabla alikuwa anahesabu mawingu, akabeba gunia lake la mchele, bado limeshonwa kutoka kiwandani, limeandikwa kilo ishirini na tano, akalitua juu.

Thelathini na moja.

"Samy," rubani akasema polepole, "watu kumi na moja. Kila mumoja kilo sita za bure. Piga."

Samy akapiga hesabu, shingo yake ikawa na jasho. Sitini na sita, pamoja na zile nne zilizobaki, sabini.

"Na Mama?"

"Themanini na mbili, toa sita. Sabini na sita, Kamanda."

Rubani akanigeukia. "Mama, kilo sita nyuma, ao wewe nyuma."

Nikafungua mkoba. Mawese nikayaacha ndani, mgonjwa anahitaji mafuta. Sufuria pia. Nikatoa unga wote, mfuko mzima, nikaupachika kwenye mikono ya Samy.

"Kula bugali. Na kesho, mbele ya kupima muntu, anza na sifuri."

"Asante, Mama," akasema, huku akiinamisha kichwa.

Nikapanda mizani tena, na safari hii rubani mwenyewe alisoma, akatoa sita, akakubali. Kwenye ndege nilikaa nyuma ya Papa Isidore. Nilifumba macho njia nzima na kumshika koti, naye hakunitania.

Asubuhi ile ya Jumatatu muuguzi alipouliza garde-malade wa Nishimwe ni nani, nilisimama kabla hajamaliza. Akasema lazima ampime uzito kwanza, kwa ajili ya dawa ya usingizi, akavuta mizani kutoka kwenye kona. Nishimwe akainua mguu apande.

"Ngoja," nikamwambia.

Nikainama, nikaangalia sindano. Ilikuwa kwenye sifuri. Nikamwachia apande.