Sabuni Mbili za Marika

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu nimeyaona. Shule niliiacha darasa la tano kwa miguu yangu mwenyewe. Nikabeba magunia, nikawa tanboi wa kupakia na kushusha mizigo ya lori, nikawa dereva, na leo nina malori matatu yanayopanda Moyale na kushuka, na vijana waliomaliza chuo kikuu ndio wananiandikia risiti. Nimelala siku nne njiani gari limevunjika ekseli, nikanywa maji ya rejeta, nikafika na mzigo wote. Ukija Isiolo na habari yako mpya, nitakuambia nilishaisikia.

Basi Alhamisi moja juzijuzi nikafungua geti ya nyumbani kwangu hapa Kiwanjani, na pua ikanisimamisha. Moshi. Si moshi wa makaa, wala wa takataka za jirani. Ulikuwa moshi wa ejersa, ule mzeituni mwitu ambao mama zetu wa Kiborana hufukizia vyombo vya maziwa. Ni moshi mtamu na mzito kidogo, unanuka kama ngozi iliyolala juani na samli iliyoanza kuyeyuka. Mke wangu alikuwa amechuchumaa uani na chicho kipya mkononi, kile chombo chetu cha maziwa kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi. Alikuwa ametia vijiti vya moto ndani, amefunika, anatikisa.

"Mama Halima," nikamwambia, "tuna friji mbili kwa hii nyumba. Hiyo ni ya nini?"

"Si ya hapa," akasema bila kuinua kichwa. "Ni ya Ujerumani."

Halima ni binti yetu, muuguzi, alikuwa na miezi mitatu huko. Mimi ndiye niliyempeleka, niseme ukweli: tikiti mimi, koti la baridi mimi, na nilimtafutia hata soksi za sufu. Lakini kila akipiga simu sauti yake ilikuwa inapungua, na juma lile alikuwa amemwambia mamake anataka kurudi. Nikampigia palepale. Nikamwambia, sema ni pesa ngapi.

"Baba, sitaki pesa," akasema. "Kuna mama mzee anakaa ghorofa ya chini yangu. Aliniletea keki kwa sahani siku ya kwanza. Sasa ni majuma kumi na mawili hiyo sahani iko kwangu. Nikimsikia kwa ngazi, najificha. Nitairudisha na nini, Baba? Siwezi kurudisha tupu. Na maziwa ya huku hayana harufu. Nikinywa ni kama nimekunywa rangi nyeupe. Nitumie chicho."

Hapo nikashangaa. Nilitoka nikaenda kukaa ndani ya lori, nikafunga mlango. Macho yalikuwa yanatoka maji, na nilimwambia dereva ni moshi.

Kwa sababu mimi, ndugu yangu unayesoma, niliwahi kumharibia mgeni mji mzima kwa chicho. Na nyumbani kwangu sijawahi kumwambia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Tulikaa hapahapa Kiwanjani, nyumba ya mabati ya vyumba viwili. Baba alikuwa mtoto wa wale Wasomali ambao babu zao walikuwa askari wa Mwingereza, na yeye alikuwa mtu wa malori, mara nyingi hayupo. Mama alikuwa Mborana wa kijiji cha Biliqo. Kiswahili chake kilitosha kununua chumvi, hakikutosha kugombana. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Dukani mimi, hospitalini mimi, na kama mtu alimtukana nilitafsiri na kuongeza.

Nyumba ya jirani akahamia mwanamke kutoka Uholanzi. Alikuwa mrefu, shingo nyekundu kwa jua, na jina lake lilikuwa gumu, kwa hivyo mtaa ulimpa la kwake: Marika. Alikuja kutibu macho ya watoto. Alikuwa na kibanda na benchi karibu na soko, na asubuhi mama zetu walipanga foleni na watoto wenye nzi machoni. Kiswahili alikuwa amekisoma kwenye kitabu, na alikinyoosha kuliko sisi wote. Alikuwa anasema, "Je, mtoto huyu ameamkaje leo?" na wanawake wanacheka mpaka wanakaa chini.

Kwetu mgeni akihamia unampelekea maziwa. Siku ya tatu Mama akashusha chicho chake kutoka ukutani. Hicho hakikuwa chombo cha kila siku. Alikisuka nyanya, mamake Mama, kabla hajafa, na ndicho kitu pekee ambacho Mama alitoka nacho Biliqo alipoolewa, ukiacha nguo ya mwilini. Akakifukiza, akakamua mbuzi, akajaza. "Peleka," akaniambia. "Na usichovye kidole."

Nilichovya, lakini si hilo ninaloungama.

Marika alimimina maziwa kwenye kikombe cheupe peee. Juu yake vikaelea vipande vidogo vyeusi, vile vya mkaa wa ejersa, ambavyo sisi ndivyo tulikuwa tunavigombania. Akaviangalia. Akaangalia ndani ya chicho, kweusi kama bomba la moshi.

"Hassan," akasema, "vitu hivi vyeusi ni nini?"

Nilijua. Mtoto wa miaka mitatu anajua. Lakini nilikuwa nimeona meza yake, na sahani zake zinazong'aa, na kitambaa chenye maua, na biskuti kwenye kopo, na nikasikia miguu yangu ina vumbi. Nikaona aibu. Nikasema, kwa sauti ya mtu mkubwa, "Hiyo ni uchafu tu. Mama alikuwa hana sabuni."

Unaona mdomo?

Marika alikuwa na moyo mzuri, na hiyo ndiyo iliyokuwa balaa. Akachemsha maji. Akatia sabuni ya unga. Akachukua ile waya ya kusugulia sufuria akasugua chicho ndani, akasuuza, akasugua tena, akakianika juu ya ukuta. Kesho yake akakileta mwenyewe kwa mikono miwili, anatabasamu. Kilikuwa kitupu. Na pembeni yake, zimefungwa kwa karatasi na utepe, alikuwa ameweka sabuni mbili mpya.

Sasa elewa. Kwetu chombo hakirudi kitupu. Hata ukiwa maskini unatia kijiko cha sukari. Na huyu amerudisha kitupu, amekwangua moshi wa miaka ishirini, halafu anampa mwenye nyumba sabuni mbele ya majirani.

Mama akafungua kifuniko, akaingiza pua. Akakaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayechungulia kisima kilichokauka. Halafu akaniambia kwa Kiborana, "Mwambie ahsante." Nikamwambia. Marika akafurahi akaenda zake.

Jioni Mama akatia maziwa kujaribu. Nyuzi zilikuwa zimelegea kwa maji moto na waya. Maziwa yakatoka jasho kila upande, tone moja moja, mpaka mchanga ukalowa. Mama hakulia. Alikitundika tu mahali pake, kinywa kikiangalia ukuta.

Hakumsema Marika kwa mtu, lakini majirani walikuwa na macho. Kufika Ijumaa, Kiwanjani nzima ilijua kwamba yule mwanamke ameita maziwa yetu uchafu. Salaam zikakatika. Akisema habari, wanawake wanaangalia mbuzi. Benchi la macho likabaki na Wameru wawili na mlevi mmoja, halafu likabaki benchi. Watoto wakarudi kufukuza nzi kwa mikono.

Na mimi? Mimi niliendelea kwenda kwake kula biskuti.

Siku moja alasiri nikakuta sanduku lake la bati liko wazi katikati ya nyumba, nguo zimeanza kuingia. Kile kitambaa cha maua kilikuwa kimekunjwa. Marika alikuwa amekaa sakafuni.

"Wamenikataa, Hassan. Gari la Nairobi laondoka kesho kutwa," akasema. Kisha akaniangalia. "Wewe wajua watu wako. Nimekosa nini?"

Nilikuwa na biskuti mdomoni. "Sijui," nikasema.

Wallahi ile biskuti ilikataa kushuka. Nilitoka nje nikaitema nyuma ya choo, na nilikuwa sijawahi kutema kitu kitamu maishani mwangu. Nilikwenda zizini. Mama alikuwa anakamua. Nikasimama nyuma yake, ili nisione uso, nikasema yote. Aibu, uchafu, hakuna sabuni, yote.

Hakugeuka. Alikamua yule mbuzi mpaka tone la mwisho, akamwachilia, akafunika sufuria.

"Kwa hiyo ile sabuni ilitoka mdomoni mwako," akasema.

Akanishika sikio. Tuliingia kwa Marika hivyohivyo, mimi nikitangulia, kichwa upande. Mama aliona lile sanduku. Akafunga kifuniko chake, akakaa juu, akamwaga maneno ya Kiborana.

"Tafsiri," akaniambia.

"Mama anasema... mimi ni mwongo."

"Tafsiri vizuri. Nilisema zaidi."

"Anasema mimi ni mwongo, na mdomo wangu ni mkubwa kuliko debe, na siku nilipozaliwa mkunga alidhani ni chura."

Marika alikuwa anatuangalia mmoja baada ya mwingine. Nikaendelea, kamasi zikishuka, nikamweleza moshi ni nini na ejersa ni nini, na chicho kilikuwa cha nani. Alipofahamu, akajishika mdomo kwa mikono yote miwili. Akaanza kulia, anasema samahani, samahani, samahani sana. Mama akauliza anasema nini.

"Anasema pole."

"Mwambie aliyeharibu kwa kutojua anafundishwa. Aliyeharibu akijua, huyo analipa." Hapo alinivuta sikio tena, ili ieleweke nani ni nani. "Na mwambie sitoki juu ya hii sanduku mpaka awashe moto."

Marika akacheka katikati ya machozi, akatafuta kiberiti.

Miezi iliyofuata Baba alipewa kazi ya kuleta mizizi kutoka upande wa Biliqo juu ya lori lake, na wale wanawake wawili wakasuka chicho kipya kivulini. Marika alikuwa anasuka vibaya, Mama anafumua, anacheka, anaanza upya. Majirani walikuja kuchungulia, halafu wakaja kukaa, halafu wakaja na watoto wenye macho mekundu, na benchi likajaa tena. Gari la Nairobi liliondoka bila yeye. Alikaa mpaka mimi nikaota ndevu, na alipokwenda kwao hatimaye, kile chicho alikibeba mkononi kama mtoto, hakukiweka kwenye mzigo.

Na zile sabuni mbili? Nilizimaliza mimi. Kila Jumamosi nilifua nguo za Marika na za kwetu mpaka zikaisha, na nakuhakikishia sabuni ya Uholanzi haiishi haraka.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa uongo. Nilikuwa mtu mzima, nina lori langu la kwanza, ndipo nilipomuuliza Mama kwa nini alimsamehe yule mwanamke upesi vile. Alishangaa kwamba sijui.

"Mimi pia nilikuwa mgeni hapa," akasema. "Nilipofika Isiolo nilikuwa sina hata neno la kuomba maji. Mama mmoja Mmeru akaniletea githeri. Mimi sijawahi kuona mahindi yamechanganywa na maharagwe, nikadhani ni ya mifugo. Nikawapa mbuzi, yeye anaangalia. Kesho yake alileta tena, akakaa, akala mbele yangu, kijiko kwa kijiko." Halafu akaniambia neno ambalo nimelibeba kuliko mzigo wowote: "Mgeni hakosei, Hassan. Ni vile bado hajafika."

Nikafahamu. Mama alipompelekea Marika maziwa, hakuwa anagawa maziwa. Alikuwa anakwenda kumpokea mtu njiani, kwa sababu aliijua ile njia. Na mimi nikasimama katikati yao, mtoto wa hapa, mwenye lugha zote, nikiwa ndiye peke yangu niliyeona haya kwa nyumba yetu.

Halima naye bado hajafika. Ni hilo tu.

Jumatatu nilipeleka chicho mwenyewe kwenye ofisi ya vifurushi mjini. Msichana wa kaunta alifungua kifuniko, akarudisha kichwa nyuma.

"Mzee, hii kitu inanuka moshi. Si ungeiosha kidogo na sabuni?"

"Binti yangu," nikamwambia, "hiyo sabuni niliimaliza zamani."

Akapima. Akaniambia kilichofanya bei ipande ni majani ya chai niliyoyajaza ndani, kilo mbili, nikiyatoa nitalipa karibu nusu. Nikamwambia yakae. Chombo hakisafiri kitupu, na kuna sahani ya mtu huko inangoja kurudishwa. Watu waliokuwa kwenye foleni wananijua. Wanajua mimi nabishania hata bei ya kiberiti. Walinyamaza kusikiliza nitaanzia wapi.

Sikuanza. Nilitoa pesa nikalipa yote: shilingi elfu kumi na nne, mia tatu na sabini.